Akaunti ya benki Ujerumani kwa mwanafunzi mgeni: niliyokutana nayo

Nilishuka Bayreuth mwishoni mwa Septemba nikiwa na hela ya mwaka mzima benki, kwa jina langu kamili, na mfukoni euro 180. Hiyo ya benki sikuweza kuigusa kwa wiki tatu na zaidi. Ndiyo maana naandika, maana kuna ndugu zetu wanaojiandaa kuja na hawajaambiwa jambo hili.

Ukiomba viza ya masomo bila mdhamini wala ufadhili, njia ya kawaida ya kuonesha kwamba una uwezo wa kujikimu ni akaunti iliyozuiwa, Wajerumani huiita Sperrkonto. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, na ukishafika unapewa 992 kila mwezi. Kuifungua kulikuwa rahisi, niliifungulia Dar es Salaam kwa simu na pasipoti. Kazi ilikuwa kutuma hela. Familia ilichanga, tukatuma kiasi kilekile kilichoandikwa, benki za katikati zikakata chao njiani, zikafika pungufu. Kampuni inayoendesha akaunti hiyo ikagoma kutoa hati ya kupeleka ubalozini mpaka tujazie, na kule kujazia nako kukawa na makato yake. Karibu wiki mbili zikapotea na tarehe ya miadi ya viza inakaribia. Tuma na ziada kidogo, na uiambie benki yako kwamba gharama zote unabeba wewe. Ziada yangu mimi ilirudi pamoja na malipo ya kwanza.

Sasa hapa ndipo wengi tunapokwama. Hizo 992 hazitoki kwa kadi wala kwa wakala. Zinaingizwa kwenye akaunti nyingine ya kawaida, Girokonto, ambayo lazima uifungue kwa jina lako mwenyewe. Benki ya kwanza niliyoingia ilinirudisha dirishani: lete kwanza hati ya kuandikishwa makazi. Kwa sheria unatakiwa kujiandikisha ndani ya wiki mbili tangu uhamie, lakini miadi ya ofisi ya mji niliyopata ilikuwa wiki tatu mbele. Nilirudi bwenini nikalia, sioni aibu kusema.

Aliyenitoa ni kaka mmoja wa Mwanza, yuko mwaka wa tatu. Akaniambia uliza Basiskonto. Tangu 2016 sheria ya Ujerumani inampa kila anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya haki ya kuwa na akaunti ya msingi, hata asiye na makazi maalumu, na benki inatakiwa kushughulikia ombi ndani ya siku 10 za kazi. Nilikwenda benki nyingine na pasipoti yenye viza, barua ya chuo na mkataba wa chumba. Nilipolitaja tu neno hilo, mama aliyenihudumia akavuta fomu. Mwishowe akanifungulia ya wanafunzi, isiyo na ada ya mwezi.

Kadi ilikuja kwa posta. Namba ya siri huja kwa bahasha yake, siku nyingine, na yangu haikufika kabisa. Sisi tumezoea S.L.P.; huku mleta barua anasoma jina lililobandikwa kwenye sanduku la nyumba, na langu halikuwepo. Bahasha ikarudishwa ilikotoka, nikaomba nyingine, wiki nzima tena.

Matumizi yenyewe nayasifu. Kodi ya chumba na bima ya afya vinakatwa vyenyewe, programu ya simu haisumbui, na sijawahi kukuta kato nisilolielewa. Ila usitegemee ujumbe wa simu kila hela inapoingia au kutoka kama tulivyozoea na M-Pesa. Mpaka ufungue programu uangalie. Mwezi wa pili kodi ilivutwa tarehe mosi kabla ya malipo yangu kuingia, salio halikutosha, nikatozwa faini. Tangu hapo naacha kodi ya mwezi mmoja humo humo, siigusi.

Binamu yangu anakuja Aprili. Nimemwambia aje na hela ya mkononi ya kumtosha mwezi mzima pamoja na amana ya chumba, na siku ya kwanza, kabla hajafungua sanduku la nguo, abandike jina lake kwenye sanduku la barua.