Uzoefu wangu: Cape Point na pengwini wa Boulders, je, inafaa?

Mimi ni mtoto wa Malindi, nimekua nikiiona nguzo ya Vasco da Gama kila siku, kwa hiyo bahari hainitishi. Cape Point, rasi ya majabali kusini mwa Cape Town, Afrika Kusini, ilinitisha, na nikaipenda papo hapo. Kwetu bahari unaiingia. Kule unaitazama kutoka juu ya majabali huku umeshika kofia, kwa sababu ule upepo wa kusini-mashariki wa majira ya joto hauna mzaha.

Mkenya haombi tena viza ya Afrika Kusini tangu Januari 2023. Unakaa hadi siku 90 kwa mwaka. Kinachokula pesa ni tiketi ya ndege na gari la kukodi. Kuna treni ya kutoka Cape Town kwenda mji wa Simon's Town inayopita ukingoni kabisa mwa bahari, lakini kutoka hapo hadi geti la hifadhi ya Cape Point usitarajie matatu. Kodini gari watu wanne, mgawane. Wakati wa kwenda piteni Chapman's Peak, ile barabara waliyoichonga kwenye mwamba kati ya 1915 na 1922, yenye kona 114 katika kilomita tisa hivi. Inalipiwa, na mawe yakianza kuporomoka huwa inafungwa, basi ulizia kabla hujatoka hotelini.

Ukishaingia hifadhini, watu wote wanakimbilia kibao cha Rasi ya Tumaini Jema. Foleni ya picha pale ni ndefu, na kibao chenyewe kinasema ukweli ambao wengi hawausomi: hiyo ni ncha ya kusini-magharibi ya Afrika. Ncha ya kusini kabisa ni Cape Agulhas, na huko ndiko mpaka rasmi wa Bahari ya Hindi na Atlantiki ulipo. Mwongoza watalii akikuonyesha "mstari" wa maji mawili hapo, mpe tabasamu tu.

Uzuri wenyewe uko kwenye njia ya miguu inayotoka maegesho ya mnara wa taa hadi kwenye Rasi ya Tumaini Jema. Kushoto kwako majabali yanashuka wima, chini kuna Ufuo wa Dias, mchanga mweupe na mawimbi ambayo hata mvuvi wa Ngomeni asingeyachezea. Ngazi za mbao zipo, nikashuka hadi chini, lakini kuogelea hapana. Mnandi wamejaa kwenye miamba, pimbi wanaota jua bila kujali mtu, na majani makubwa ya mwani yanazunguka majini. Mimea ya porini, wanayoiita fynbos, ni mifupi na inanukia; katika hifadhi hii pekee kuna zaidi ya spishi 1,000. Kwenye tambarare niliona mbuni wakila karibu na maji ya chumvi, na pofu kwa mbali.

Mnara wa zamani, uliowashwa 1860, uko mita 238 juu ya bahari. Walikosea kuujenga juu hivyo, maana ukungu uliufunika mara kwa mara. Mwaka 1911 meli ya Kireno Lusitania ikagonga mwamba, ndipo wakajenga mwingine chini zaidi, ukawashwa 1919.

Tahadhari moja: nyani. Mbele ya macho yangu dume moja lilimpokonya mama mmoja mfuko wa chakula, likaketi juu ya boneti likila. Funga vioo, na usile nje ya gari.

Boulders, ufuo wa pengwini pale Simon's Town, ina tiketi yake. Nenda asubuhi, kabla mabasi hayajafika. Pengwini wa Afrika analia kama punda wa Lamu, sina njia nyingine ya kuieleza sauti hiyo. Wawili wawili wanasimama mlangoni mwa mashimo yao, hatua chache tu kutoka njia ya mbao. Walianza na jozi mbili tu mwaka 1982. Lakini usidanganywe na wingi wao hapo: duniani zimebaki chini ya jozi 10,000 zinazozaa, na mwaka 2024 waliingizwa katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Dagaa na sadini, ambao ndio chakula chao, wamepungua. Machi 2025 mahakama ya Pretoria iliagiza maeneo ya kuzuia uvuvi kuzunguka makoloni sita kwa miaka kumi, uamuzi ambao kwangu ulichelewa.

Njaa ikikubana, bei za mgahawa wa hifadhini zitakuuma. Subiri ufike bandari ya Kalk Bay, ule samaki na chipsi huku sili wakisubiri mabaki ya wavuvi. Ukienda kati ya Juni na Novemba, kaa upande unaotazama ghuba ya False Bay, nyangumi huingia humo na watoto wao. Mzee au mtoto mdogo asilazimishwe kupanda hadi mnarani kwa miguu. Kuna kigari cha reli kinachopanda, kilipieni.