N'Diaye au Carteron: njia mbili za kocha ugenini

Mchezaji wa Lubumbashi, mji wetu wa Kongo (DRC), anayekaribia kustaafu na kutamani kufundisha nje ya nchi ana vielelezo viwili karibu naye, kwani Lamine N'Diaye na Patrice Carteron, wote wachezaji wa zamani, walikuja hapa wakiwa wageni na kuipa TP Mazembe, klabu ya mji huu, ubingwa wa Afrika.

N'Diaye, Msenegali aliyewahi kuichezea Mulhouse ya Ufaransa, alifundisha Coton Sport ya Kamerun na timu ya taifa lake kabla ya kufika kwetu mwaka 2010. Mwaka huohuo Mazembe iliichapa Espérance ya Tunisia 5-0 katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na mwezi Desemba, mjini Abu Dhabi, wachezaji wetu Kabangu na Kaluyituka waliifunga Internacional ya Brazil, tukawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. N'Diaye aliondoka, na miaka mingi baadaye akaitwa tena kwenye benchi lilelile. Heshima hiyo huipata makocha wachache mno.

Carteron, Mfaransa aliyekuwa beki wa Lyon, aliipa timu ya taifa ya Mali nafasi ya tatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2013, akatwaa ubingwa na Mazembe mwaka 2015, kisha akapita Al Ahly ya Misri, Raja ya Moroko na Zamalek ya Misri kwa vipindi vifupi.

Njia ya Carteron, ya kuhama klabu hadi klabu, hujaza wasifu haraka, lakini humdai kocha jina linalojulikana tayari. Kijana wa Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi, asiye na jina hilo ningemshauri aanze kama N'Diaye: klabu moja ya nchi nyingine ya Afrika, na misimu ya kutosha kuijenga timu.