Zinki na bakteria wa mpunga: chupa iliyokaa juani usiinunue

Masika iliyopita nilinunua hapa Bagamoyo mjini chupa ya Azospirillum, bakteria wanaousaidia mpunga kupata naitrojeni, nikaipeleka shambani bonde la Ruvu. Wiki tatu baada ya kupandikiza, mpunga wangu wa aina ya SARO 5 ukadumaa. Majani yakatoka madoa ya rangi ya kutu, machanga yakapauka kwenye mshipa wa kati. Hiyo ni njaa ya zinki, kirutubisho ambacho mpunga unakihitaji kidogo tu. Jaruba likifurika, zinki ya udongoni hujifunga mizizi isiipate, na DAP, mbolea yenye fosfeti, niliyomwaga kwa wingi ilizidisha. Bakteria wazima wasingeimaliza njaa hiyo, sembuse wangu waliokufa.

Ndiyo, walikufa, na hili ndilo watu hawaliangalii. Chupa ilikaa dirishani mwa duka, chini ya bati, jua la mchana likiipiga. Azospirillum hastahimili joto la namna hiyo. Idadi ya bakteria iliyo kwenye lebo ni ya walipotoka kiwandani, haisemi wangapi wamebaki. Kwa joto letu la pwani tafuta Bacillus wa unga, anayejifunga kwenye ganda gumu akangoja maji. Hata hivyo muulize muuzaji: mzigo uliingia lini, ulilala wapi? Akikuonyesha dirishani, ondoka.

Sasa zinki. Namba moja kwangu, wala sifichi, ni YaraVita Zintrac 700: gramu 700 za zinki kwa lita, unapuliza kwenye majani, udongo unapokea kidogo sana. Ukiipata, chukua.

Ya pili ni salfeti ya zinki. Ipo ya asilimia 21 na ya asilimia 33, zote nyeupe, kwa hiyo usikubali bei moja. Ekari inatosha kilo 10 za ile ya 21, au kilo 6 na nusu za ile ya 33, kabla ya kupandikiza. Usirudie kila msimu, kwani masalia hubaki, na zinki ikirundikana vijidudu vya udongo huumia.

Ya tatu ni huyo Bacillus. Baadhi ya aina zake hutoa asidi inayoifungua zinki iliyojifunga. Usimchanganye na dawa ya shaba kwenye pampu moja, na maji ya bomba yenye klorini yalaze usiku mzima kwenye ndoo wazi.

Oksaidi ya zinki, gramu 20 kwa lita, ya kuchovya mizizi ya miche, ni rahisi na inafaa. Azola, kimmea kinachoelea mferejini, ni bure, ila inakuletea naitrojeni, haitibu njaa ya zinki.

Kinachoniuma ni salfeti inayopimwa kwenye mifuko ya nailoni, haina lebo wala asilimia, na salfeti ya magnesiamu inafanana nayo kabisa. Mkulima atajuaje? Dai mfuko uliofungwa kiwandani, na risiti iandike jina la mbolea na asilimia yake. Mimi risiti yangu iliandikwa “dawa 1”. Niliporudi na chupa, muuzaji akaniambia mali ikifunguliwa hairudi.