Mbio za wawili-wawili za NASCAR 2011: marudio yapi yanastahili bando lako

Chaneli rasmi ya NASCAR, mashindano makubwa ya mbio za magari ya Marekani, kule YouTube ina mbio nzima za miaka ya nyuma, bure, kuanzia bendera ya kijani hadi ya mwisho. Zimo na za 2011 za viwanja vya Daytona na Talladega, msimu ambao magari yaliacha kukimbia kwa kundi yakakimbia kwa jozi: moja mbele, la pili limelibandika bampa nyuma, yanasukumana mizunguko kadhaa, yanabadilishana nafasi, yanaendelea. Mashabiki wengi wa Marekani waliuchukia mtindo huo na mpaka leo wanauponda. Maoni yangu ni kinyume: hakuna msimu unaoonyesha kazi ya upepo waziwazi kama huu. Shida yake ni kwamba unamwadhibu mtazamaji asiyejua macho ayaweke wapi, na watangazaji hawamsaidii.

Daytona ina maili 2.5, yaani kilomita 4, na kona zake zimelala nyuzi 31. Talladega ni maili 2.66, nyuzi 33. Kwenye miteremko ya namna hiyo dereva hukanyaga mafuta mzunguko mzima, na enzi hizo injini zilikuwa zimebanwa kwa bamba lenye matundu manne chini ya kabureta, nguvu ikishuka hadi karibu nusu. Kila mtu ana nguvu ileile, hivyo kinachoamua ni nani anazuiwa na upepo kidogo kuliko mwenzake. Gari la nyuma likigusa la mbele, yote mawili yanapasua hewa kama gari moja refu: pua moja, mkia mmoja, injini mbili. Aliye peke yake anaachwa kama kasimama.

Kusukumana kulikuwapo zamani. Magari ya kale yalikuwa na bampa zisizolingana kimo, kwa hiyo kumsukuma mtu kwenye kona ilikuwa sawa na kuyanyanyua matairi yake ya nyuma. Gari jipya lililoanza kutumika 2007 lilikuwa na bampa za mbele na nyuma zinazokutana sawasawa. Kisha Daytona ikawekwa lami mpya mwaka 2010, yenye mshiko wa kutosha kusukumana hata katikati ya kona. Februari 2011, kwenye mbio za utangulizi, jozi zilipita maili 206 kwa saa, kama kilomita 331. NASCAR ikapunguza matundu ya bamba kwa 1/64 ya inchi, ikabana uwazi wa grili (tundu la hewa la mbele ya gari) usizidi inchi 2.5 kwa 20, na ikaamuru valvu ya kuachia mvuke kwenye mfumo wa maji.

Hizo hatua mbili za mwisho ndizo ufunguo wa kutazama mbio hizi. Gari la nyuma halipati hewa ya kupooza rejeta, kwa kuwa grili imezibwa na mkia wa mwenzake. Likikaa hapo kupita kiasi linachemsha, valvu inatema maji, na maji yakipungua injini haina maisha. Kwa hiyo usimwangalie anayeongoza. Mwangalie wa nyuma. Utamwona akisogeza pua nje kidogo, kulia au kushoto, kama robo ya upana wa gari, ili grili ionje hewa bila kuachia bampa. Akianza kuchungulia hivyo mara kwa mara, jua kubadilishana kumekaribia.

Kubadilishana kwenyewe hufanyika hivi: wa mbele anahama njia, kwa kawaida kwenye sehemu iliyonyooka, wa nyuma anapita, kisha aliyepitwa anarudi kumfuata. Hapo ndipo wanapoharibu. Wakiachana urefu wa magari matatu hivi, kasi inaporomoka na jozi nyingine inawameza wote wawili. Ndiyo maana anayetangulia hugusa breki kwa mguu wa kushoto, huku mafuta akiwa bado ameyakanyaga, ili amsubiri mwenzake amgote. Akigotwa katikati ya bampa, safari inaendelea. Akigotwa pembeni, hasa akiwa anaingia kona, mkia unachomoka na mbio zake zimekwisha. Wa nyuma haoni kitu mbele zaidi ya kioo cha mwenzake. Anaendesha kwa masikio, akimsikiliza mwangalizi wake aliye juu ya jukwaa, na msimu ule aliruhusiwa pia kuongea na mwenza kwenye masafa yake ya redio.

Sasa marudio yenyewe.

Anza na Talladega ya Aprili 2011, na ukiwa na bando la mbio moja tu basi iwe hii. Kila kitu nilichoeleza kinaonekana, na ajali hazikatishi mwendo kila dakika. Jimmie Johnson na Dale Earnhardt Jr. wanakaa pamoja, Earnhardt akikubali kuwa msukumaji. Mzunguko wa mwisho unakuta jozi nne zikigombea: Gordon na Martin, Edwards na Biffle, Bowyer na Harvick, halafu Johnson na Earnhardt wanapenya kutoka chini. Johnson anamshinda Bowyer kwa sekunde 0.002. Kwa kasi ile hiyo ni kama shibiri moja. Msukumaji wake alimaliza wa nne, na hapo ndipo malalamiko ya mashabiki yanapokuwa na hoja: aliyefanya nusu ya kazi hana kombe.

Tahadhari na ile hesabu ya uongozi kubadilika mara 88 siku hiyo, rekodi iliyofikia ile ya hapohapo Talladega mwaka mmoja kabla. Watangazaji wanaitaja kwa mbwembwe. Sehemu kubwa ni wenza wanaopeana nafasi kwa sababu ya joto la injini, wala si watu waliopitana kwa ushindani. Anayetathmini mbio kwa namba hiyo anadanganyika.

Daytona 500 ya Februari ndiyo maarufu zaidi, maana Trevor Bayne alishinda akiwa na miaka 20 na siku moja, kwenye gari namba 21 la Wood Brothers. Historia ni tamu, utazamaji ni mgumu. Ina bendera za njano 16, zile za kupunguza mwendo baada ya ajali na mengineyo, na inakula karibu saa 4. Madereva walikuwa bado wanajifunza mtindo, kwa hiyo ajali nyingi ni za kugotana vibaya. Ruka hadi mizunguko kama 20 ya mwisho. Usikose pale David Ragan, anayeongoza, anapohama njia kabla ya kuvuka mstari wakati mbio zinaanzishwa upya ili awe mbele ya Bayne. Anaadhibiwa, uongozi unamwangukia kijana, na mwishoni anayemsukuma ni Bobby Labonte. Ragan alijifariji Julai hapohapo Daytona kwa kusukumwa na Matt Kenseth hadi ushindi. Hiyo itazame kama una nafasi.

Talladega ya Oktoba ni ya mtu anayependa siasa za mwenza. Timu zilikuwa zimekwisha kuanza kuwabana madereva wasaidie magari ya kampuni yao ya utengenezaji. Bayne, wa Ford, anakubali kumsukuma Jeff Gordon wa Chevrolet mbio zinapoanzishwa upya mara ya mwisho, kisha anamwacha, na Gordon anaangukia nafasi ya 27. Kelele za mashabiki zilikuwa kubwa, kwa haki. Mbele yao Clint Bowyer anamsukuma Jeff Burton, wote wa timu ya Richard Childress, kisha Bowyer anampita ili ashinde: ushindi wa 100 wa timu hiyo kwenye ligi kuu.

Kasoro ya marudio yote ni sauti na kamera. Mazungumzo ya redio kati ya wenza yanasikika kwa nadra, ilhali ndiyo mchezo wenyewe. Kamera inang'ang'ania jozi ya kwanza wakati ya tatu iko katikati ya kubadilishana. Picha ya 480p inatosha kusoma namba na kuona pengo la bampa, na inakula nusu GB kwa saa au zaidi kidogo. 240p usijaribu, magari mawili yanageuka doa moja.

Za 2012 na kuendelea usizifungue ukitarajia jozi zilezile. NASCAR ilipunguza rejeta, ikafuta mawasiliano ya redio kati ya dereva na dereva, na kundi likarudi. Kwenye ligi za chini jozi ziliendelea hadi zilipopigwa marufuku kwa kanuni mwaka 2014.