NAS ya Nyumbani: Kabla ya Terabaiti, Uliza Umeme Ukikatika

Jioni ile umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, yote ndani ya dakika mbili. Kiboksi changu cha kuhifadhia mafaili, cha diski moja, kilikuwa kinanakili video za harusi ya mdogo wangu. Uliporudi tena kikawasha taa nyekundu na hakikufunguka. Nikaichomoa diski, nikaichomeka kwenye laptopu, Windows ikanitaka niifomati, kwa sababu viboksi vingi vya aina hii huandika kwa mfumo wa Linux ambao Windows haiusomi. Fundi akaokoa nusu. Picha za marehemu baba zilikuwa kwenye nusu ya pili.

Ndiyo maana sizungumzii kasi hapa, na terabaiti unazozihitaji unazijua mwenyewe. Nazungumzia umeme, maana wauzaji hawaugusi kabisa.

NAS ni kompyuta ndogo yenye diski. Unaiunganisha na ruta, nyumba nzima inaitumia. Haiandiki kila kitu papo hapo. Data hukaa kwanza kwenye memori, kisha ndiyo ishuke kwenye diski. Umeme ukikatika hapo katikati, iliyokuwa kwenye memori imekwenda, na orodha inayoonyesha faili gani liko wapi inaweza kuvurugika. Diski mbili zinazonakiliana, yaani RAID 1, hazikukingi na hilo, kwa sababu mvurugiko huandikwa kwenye zote mbili. Kazi ya RAID 1 ni kukuokoa diski moja ikifa. Bakapu ni nakala nyingine, mahali pengine.

Kinga yake ni UPS, kiboksi cha betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, lakini isiwe yoyote. Igeuze nyuma utafute tundu la USB la data. Bila waya huo, UPS itapiga kelele tu hadi betri iishe, na NAS izimike ghafla kama vile hukununua kitu. Ukiwepo, na NAS yako ikiwa inaitambua UPS hiyo, inapata taarifa, inamaliza kuandika na kujifunga yenyewe. UPS ndogo inatosha: NAS ya diski mbili kama DS223 inakula takriban wati 17, sawa na balbu mbili za LED.

Chaguo langu la kwanza ni Synology DS223, na sifichi kwamba naipenda kampuni hii. Mpangilio wa UPS ni kuweka alama mahali pamoja na kuchagua dakika. Umeme ukirudi, inajiwasha. Pia inatumia Btrfs, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, hivyo inaweza kuhifadhi hali ya mafaili ya jana na juzi. Mtoto akifuta folda, unairudisha. Ya pili ni ndugu yake DS223j, ya bei nafuu zaidi, yenye memori ya GB 1 na isiyo na Btrfs. Mwaka 2025 Synology ilinikera ilipotaka modeli mpya za safu yake ya Plus zitumie diski ilizozithibitisha yenyewe, nyingi zikiwa za jina lake. Wateja walilalamika hadi Oktoba ikalegeza. Hizi mbili hazikuguswa.

Ya tatu ni QNAP TS-233, yenye memori ya GB 2, nayo inaitambua UPS. Ila wenye QNAP walishambuliwa na virusi vya Qlocker mwaka 2021 na DeadBolt mwaka 2022, mafaili yakafungwa hadi walipe. Ukiinunua, usiiache wazi kwenye intaneti.

Diski ya USB iliyochomekwa nyuma ya ruta ni rahisi, na haijui lolote kuhusu UPS. Ifanye nakala ya pili.

Kwa diski za ndani chukua WD Red Plus au Seagate IronWolf. WD Red isiyo na neno Plus iache: mwaka 2020 kampuni ilikiri kwamba baadhi yake ni SMR, zinazoandika mistari ikipandiana kama vigae vya paa, na kujenga upya RAID kunaweza kuchukua siku.

Halafu kuna madukani. Kariakoo niliambiwa, "Dada, hiyo mpya kabisa," nikaichomeka kwenye laptopu pale pale kaunta na kufungua CrystalDiskInfo, programu inayopima afya ya diski: saa elfu kumi na moja za kazi! Nilipodai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bei ikapanda, kana kwamba risiti ni bidhaa ya ziada. Bila risiti hiyo utadai vipi waranti? Nenda na laptopu yako, na muuzaji akikataa diski isipimwe, toka.

Ukishafunga kila kitu, chomoa UPS ukutani kwa makusudi. Mimi nilifanya hivyo Jumamosi, nimekaa sakafuni na saa mkononi. UPS ikalia, na dakika tano nilizoiwekea zilipotimia, diski zikapunguza mvumo taratibu, zikanyamaza. Nikarudisha waya, ikawaka, mafaili yote yapo.