Nililipia ukaguzi wa miti, nikaambiwa nisinunue dawa

Uani kwetu, Mbezi, kuna mwembe wa dodo, safu ya miashoki kando ya ukuta, na palikuwa na mkrismasi mkubwa tulioukuta tuliponunua kiwanja. Mwaka huu mkrismasi ulianza kukauka matawi ya juu.

Mtu wa kwanza niliyemwita, wa kampuni ya bustani, hakusogea hata shinani. Alitazama juu, akasema "fangasi", akapiga dawa mpaka jirani akafunga madirisha. Nikalipa 120,000. Wiki sita baadaye matawi yanazidi kukauka.

Ndipo nikaelekezwa kwa kijana anayefanya ukaguzi tu, 60,000 kwa uwanja mzima. Alichelewa saa mbili na nusu bila kupiga simu. Mkononi ana bisibisi ndefu, nyundo ya mbao, kijembe na chupa ya spiriti. Bomba la dawa hana. Nikajua nimeliwa tena.

Yeye alianzia chini. Nyuma ya shina, upande wa ukuta ambako hatupiti, palikuwa na kitu kimejitokeza kama rafu: kigumu kama ubao, hudhurungi, ukingo mweupe. Nilishakiona siku nyingi nikidhani ni gome. Maua yaliyo chini yake yalikuwa na unga wa kahawia kama kakao, ambao binti wa kazi alikuwa akiufuta kila Jumamosi akilaani vumbi la barabarani. Kumbe ni vijimbegu vya kuvu. Aliitaja kwa jina, Ganoderma, kuvu inayoozesha mizizi na kitako cha mti. Akagonga shina kulizunguka: huku ko, ko, ko, upande wa ukuta bu. Akachomeka bisibisi kwenye mzizi, ikazama kama kwenye papai bivu.

"Mama, hapa hakuna dawa," akasema.

Nikamuuliza kama tukiibandua ile rafu hautapona. Akacheka kwa adabu: hilo ni tunda tu, kuvu yenyewe iko ndani ya mti, ni sawa na kuchuma maembe ukitaka mwembe ufe. Chanzo, kwa maelezo yake, ni sisi. Wakati wa kujenga ukuta mafundi walikata mizizi ya upande ule ili wapitishe msingi, kisha tukajaza kifusi kuzunguka shina, na fyekeo la mtunza bustani likawa linachubua kitako kila wiki. Kuvu hupitia kwenye vidonda hivyo. Cha kutisha zaidi, mti wa namna hii unaweza kubaki na majani mabichi huku mizizi imekwisha, ukaanguka siku ya upepo. Wetu ulikuwa umeelekea kwenye paa la jirani.

Mwembe nao nilikuwa nimeukatia tamaa kwa weusi wa majani. Alichukua kitambaa kibichi, akafuta jani moja: masizi yakatoka, chini kijani safi. Akaligeuza, nikaona vidudu vidogo vimeganda kwenye mishipa ya jani kama magamba. Hao hutoa utomvu mtamu, na yale masizi ni kuvu nyeusi inayoota juu ya utomvu huo. Tukapunguza matawi ya ndani hewa ipite, tukaosha majani kwa maji ya sabuni mara tatu, kila baada ya wiki moja. Majani mapya yametoka safi. Kila alipohamia mti mwingine alifuta vifaa vyake kwa spiriti. Miashoki haikuwa na kitu, ni majani ya zamani tu yanapukutika.

Lawama ninazo. Ripoti ameiandika kwa Kiingereza, kurasa tatu, ikabidi mwanangu anisomee kwa simu. Na kukata hakati mwenyewe; tulitafuta watu wengine, baada ya kupita serikali ya mtaa. Walipoangusha mkrismasi, nusu ya kisiki ilikuwa nyeupe na laini kama sponji, unaipukuchua kwa kidole.

Amekataza kupanda mkrismasi mwingine pale pale, kwa kuwa kuvu hubaki kwenye mabaki ya mizizi, kwa hiyo bado tunachimba kidogo kidogo. Nyota nne kati ya tano. Kwenye simu nimemwandika "Fundi Bisibisi", na mwezi ujao anakwenda kwa jirani.