Kingamwili ya kipokezi cha GLP-1: uliza kwanza picha ya panya asiye nacho

Malalamiko kutoka maabara za hapa Mombasa yanafanana mno. Mtu kaagiza kingamwili (protini inayoshika protini nyingine mahususi ili ionekane) ya GLP-1R, yaani kipokezi cha homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, kasubiri wiki na wiki, kakata vipande vya ubongo wa panya, kapaka, na chini ya darubini kila kitu kinang'aa: gamba la ubongo, hipokampasi, hata kuta za mishipa ya damu. Muuzaji anamwambia apunguze kiwango. Anapunguza, na sasa kinang'aa kwa ufifi, lakini ni kilekile, kila mahali. Ruzuku imekwisha na tasnifu inangoja.

Tangu sindano za kupunguza uzito za semaglutaidi, zinazoiga homoni hiyo, zivume, wengi wanataka kuona kipokezi hiki cha hamu ya kula kimekaa wapi ubongoni, na katalogi zimejaa chupa. Hapa sitapoteza nafasi kwa mambo ambayo kila muuzaji hukuandikia mwenyewe, kama mnyama aliyetoa kingamwili au ujazo wa chupa. Kuna jambo moja ambalo wanunuzi hulipita, nalo ndilo linaloamua kama umenunua kingamwili au umenunua maji ya chumvi ya bei ghali: je, kuna picha ya tishu ya panya aliyeondolewa jeni ya GLP-1R, iliyopakwa siku moja na tishu ya panya wa kawaida, na ikatoka nyeusi?

Panya huyo si kiumbe adimu. Maabara ya Daniel Drucker kule Toronto ilimtengeneza na kumchapisha mwaka 1996. Mwaka 2013 maabara hiyohiyo ilimtumia kupima antisera (majimaji ya damu yenye kingamwili) kadhaa zilizokuwa madukani, na zikaonyesha bendi, yaani mistari ya protini kwenye jeli, zilezile hata kwenye tishu za panya asiye na kipokezi kabisa. Mwaka huohuo Charles Pyke na Lotte Bjerre Knudsen wa Novo Nordisk, kampuni inayotengeneza semaglutaidi, waliandika onyo kuhusu kingamwili hizi. Kwa hiyo kampuni inayouza leo bila picha hiyo haina udhuru. Imeamua tu kutokupima.

Sababu ya ugumu ni hii. Kipokezi hiki hupita kwenye utando wa seli mara saba, sehemu kubwa yake imejificha ndani ya mafuta, na kila seli inacho kidogo. Antisera ya poliklonali ni mchanganyiko wa kingamwili nyingi, na inatosha chache kati yake zishike protini nyingine iliyojaa tele, basi hiyo ndiyo utakayoiona. Wauzaji hupenda kujitetea kwa kipimo cha peptidi: wanaichanganya kingamwili na peptidi iliyotumika kuitengeneza, mng'ao unapotea, wanasema imethibitika. Haijathibitika kitu. Umeziba mdomo wa kingamwili, kwa hiyo haing'ati chochote, cha haki wala cha makosa.

Namba moja kwangu, bila kuzungukazunguka, ni zile za Developmental Studies Hybridoma Bank, benki ya kingamwili ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Kwa panya agiza 7F38. Kwa tishu ya binadamu au tumbili agiza 3F52, na usiibebe 3F52 kwenda kwa panya. Zote mbili zilitoka Novo Nordisk, zikapimwa kwa kina kabla ya kuchapishwa: ya binadamu na tumbili mwaka 2014, ya ubongo wa panya mwaka 2018. Benki hiyo huuza kwa bei ya kurudisha gharama tu, kwa hiyo kilicho bora ndicho pia kilicho nafuu, jambo ambalo hutokea mara chache sana katika biashara hii.

Supanatanti ya benki hii, yaani majimaji yaliyokuziwa seli zinazotoa kingamwili, kwa kawaida huwa na mikrogramu 20 hadi 50 za kingamwili kwa mililita. Unataka kufanya kazi kati ya mikrogramu 2 na 5, kwa hiyo anza na sehemu 1 kwa 10. Mililita moja itakupa mililita 10 za kupakia; ukiweka mikrolita 200 kwa slaidi, hizo ni slaidi 50. 7F38 ni kingamwili ya panya, nawe unaipaka kwenye panya, hivyo kingamwili ya pili, ile yenye rangi inayoshika ya kwanza, itashika pia kingamwili za damu ya mnyama mwenyewe iliyobaki kwenye tishu. Osha mishipa vizuri kwa chumvi kabla ya formaldehaidi, ziba kwa vipande vya Fab (vipande vya kingamwili) dhidi ya IgG, kingamwili za kawaida za damu, ya panya, na daima acha slaidi moja isiyowekwa kingamwili ya kwanza. Mng'ao mkali utafute kwenye eria postrema, chini nyuma ya shina la ubongo, kisha kwenye kiini cha akuati cha haipothalamasi. Ukiona gamba lote la ubongo linawaka kuliko eria postrema, simamisha kazi.

Namba mbili ni monoklonali (kingamwili za aina moja tu) za sungura zilizotengenezwa kwa njia ya rikombinanti, yaani kwa jeni iliyowekwa kwenye seli za maabara. Mfuatano wake unajulikana, hivyo chupa ya mwakani itakuwa ileile ya mwaka huu, na kwenye tishu ya panya unaepuka balaa la panya juu ya panya. Lakini neno rikombinanti halichukui nafasi ya ile picha. Iombe kwa maandishi, ya tishu hasa unayotumia wewe. Picha ya westani bloti (kipimo cha protini zilizotenganishwa kwa uzito kwenye jeli) haikusaidii kwenye vipande.

Poliklonali za bei rahisi? Ziache.

Kama umekwisha kununua, au bajeti imefungwa kwa wakala mmoja, na panya aliyeondolewa jeni huna, jipimie mwenyewe kwa seli za HEK293, seli za binadamu zinazokuzwa maabara. Zipe plasmidi (duara dogo la DNA) yenye jeni ya GLP-1R ya mnyama yuleyule unayemchunguza, iliyofungwa alama ya HA, kipande kifupi kinachotambulika kirahisi, mwishoni mwa protini. Usiiweke mwanzoni kabla ya peptidi ya ishara, kipande cha kwanza cha protini, kwa sababu seli huikata peptidi hiyo na alama ikaenda nayo. Mikrogramu 2 kwa kisima cha sahani ya visima sita, saa 48, formaldehaidi asilimia 4 kwa dakika 15. Kisima cha jirani kipe plasmidi tupu. Paka alama kwa rangi moja na kipokezi kwa rangi nyingine: lazima zikae seli zilezile. Kisha nenda kwenye tishu: visiwa vya kongosho viwake, ini lisiwake. Seli za ini zikiwaka, chupa hiyo usiiamini ubongoni. Kufaulu kwenye HEK peke yake hakutoshi, maana seli hizo zimejazwa kipokezi kuliko ubongo wowote.

Kwa westani bloti, usichemshe sampuli kwa nyuzi 95. Protini hii hugandana na kubaki juu ya jeli. Nyuzi 37 kwa dakika 30 zinatosha. Kwa hesabu ya asidi amino 463, uzito ni kama kilodaltoni 53, lakini sukari iliyoshikamana nayo huipandisha zaidi ya 60. Tibu nusu ya sampuli kwa PNGase F, kimeng'enya kinachokata sukari hiyo: bendi ya kweli itashuka, ya uongo haitasogea.

Sasa hawa mawakala. Wanakupa bei kwa dola, jumla moja, bila kutenganisha chupa, barafu, ndege na ushuru, na kwa chupa ya Iowa mzigo wa usafiri unaweza kuipita chupa yenyewe. Dai mchanganuo. Ungana na maabara nyingine mbili tatu mlete sanduku moja. Na msikubali kubadilishiwa chupa kwa "inayolingana nayo": kingamwili moja huuzwa chini ya majina na namba tofauti, na mfuatano wa peptidi ukiuuliza unaambiwa ni siri ya biashara. Vibali vya bidhaa zitokanazo na wanyama viwe tayari kabla sanduku halijaondoka, si baada ya kukwama Nairobi.

Barafu ikifika imeyeyuka, usikimbilie kuitupa chupa. Kingamwili nyingi huvumilia siku kadhaa za joto la kawaida; zinazoziua ni kuganda na kuyeyuka mara kwa mara, na hapo ndipo umeme wa Mombasa unapotuumiza. Siku ya kupokea, gawanya kwenye vichupa vya mikrolita 20, usishuke chini ya 10 kwa sababu protini nyingi itabaki ukutani mwa plastiki. Ongeza gliseroli hadi nusu kwa nusu ili isigande kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na kumbuka kwamba hapo nguvu imepungua nusu, kwa hiyo sehemu 1 kwa 10 inakuwa 1 kwa 5. Friza za nyumbani zinazojiyeyushia barafu zenyewe hazifai hata jenereta likiwepo. Kila kichupa kiandike tarehe na namba ya toleo, na kichupa kilichofunguliwa kiweke kwenye nyuzi 4, kisirudi friza.